Nyumba ni yako, udongo ni wa leta: safari ya karatasi ya parseli tangu 1885

Mtu wa Goma au wa Bukavu akiuza nyumba yake, majirani wanasema ameuza parseli. Kwa sheria, hakuuza parseli. Kifungu cha 53 cha sheria ya tarehe 20 Julai 1973, ile inayotawala mambo ya udongo katika Kongo nzima, kinasema udongo ni mali ya leta peke yake. Leta haiwezi kuuza udongo huo ukatoka mikononi mwake, wala haiupotezi kwa sababu miaka imepita mingi. Alichouza mtu yule ni kuta, manjanja, milango na miti aliyopanda, pamoja na haki ya kukaa pale. Udongo ulio chini ya msingi haukuwa wake hata siku moja.

Kwa mtu ambaye hajawahi kukimbia, jambo hili ni la maavoka. Kwa jamaa zilizokimbia vita, ni jambo la kila siku. Februari 2025, kambi za kandokando ya Goma zilivunjwa, watu wakapewa saa 72 kufunga vitu vyao. Wengi walichukua barabara ya Masisi, ya Rutshuru, ya Nyiragongo. Wako waliofika wakakuta shamba limelimwa na mtu mwingine, au nyumba ina kufuli mpya. Ulizo ni moja: mtu aliyeondoka kwa sababu ya risasi, akarudi baada ya miaka miwili au mitatu, je, parseli yake ilikuwa tupu wakati hakuwepo? Ulizo hilo linaonekana jipya, lakini Kongo imelibeba kwa miaka 140.

Tarehe 1 Julai 1885, miezi michache baada ya mkutano wa Berlin, utawala wa Mfalme Leopold II ulitoa amri fupi juu ya udongo wa Kongo. Ilisema mtu yeyote asikae juu ya udongo mtupu bila karatasi ya leta. Ilisema pia wenyeji wasinyang'anywe udongo wanaokaa. Halafu ikamalizia kwamba udongo wote ulio mtupu ni wa leta. Ukiisoma haraka utafikiri ni amri ya kulinda wenyeji. Hila ilikuwa ndani ya neno moja, hilo la "mtupu".

Nani alisema udongo ni mtupu? Mkulima wa zamani hakulima pahali pamoja kila mwaka. Alilima, akaacha shamba lipumzike, akahamia upande mwingine wa kilima akijua atarudi. Msitu nao ulikuwa na wenyewe: watu walijua nani anatega wapi, nani anachuma asali wapi, na mwami alijua ni jamaa gani inamletea ushuru kutoka kilima gani. Afisa wa leta alipita, akaona majani marefu, akaandika kwamba hakuna mtu. Aliyekuwa haonekani siku ile alihesabiwa kuwa hayuko kabisa.

Baadaye leta yenyewe iliona aibu kidogo. Amri ya tarehe 3 Juni 1906 ilieleza kwamba udongo wa wenyeji ni ule wanaokaa, wanaolima au wanaoutumia kwa namna yoyote kufuatana na desturi. Ile ya tarehe 31 Mei 1934 iliongeza uchunguzi: kabla udongo haujapewa mgeni, afisa aende kwanza kuuliza kama kweli ni mtupu. Kwa karatasi, maneno yalikuwa mazuri. Lakini huku Kivu kazi ilikuwa imekwenda mbali. Mwaka 1925 ilianzishwa Parc Albert, ambayo leo ni Virunga. Mwaka 1928 ilizaliwa Comité National du Kivu, watu wakaiita CNKi, shirika lililopewa uwezo wa kugawa udongo mwingi kwa walowezi na makampuni. Kahawa, chai, pareto na kwinini zilipandwa juu ya vilima ambavyo vilikuwa na majina na wenyewe. Mizozo mingi ambayo leo inaitwa ya kikabila, ukiichimba hadi chini, unakuta kilima kimoja, mwami mmoja, na karatasi iliyoandikwa wakati wa CNKi.

Mwaka uleule wa 1885 kuliingia kitu kingine ambacho kingali kinafanya kazi hadi leo katika kila ofisi ya udongo: kitabu. Amri ya tarehe 22 Agosti 1885 ilileta namna ya kuandikisha udongo iliyotungwa Australia ya Kusini na Robert Torrens, mwaka 1858. Namna hiyo ni nyepesi kueleza. Konservateri, yaani mkubwa wa ofisi ya vyeo vya udongo, ana kitabu. Kila parseli iliyopimwa ina ukurasa wake. Ukurasa wa kwanza unabaki ofisini, mwenye parseli anapewa nakala yake, ndiyo inaitwa sertifika. Parseli ikiuzwa, jina la zamani linafutwa na jina jipya linaandikwa. Kilicho ndani ya kitabu kinashinda maneno yote ya nje.

Ni mpango mzuri kwa nchi ambayo watu wote wako ndani ya kitabu. Kongo haikuwa hivyo. Kitabu kiliandikwa Kifaransa, mjini, kwa ajili ya wazungu na makampuni yao. Jamaa iliyokaa kilimani vizazi saba haikuwa na ukurasa. Na mbele ya tribinali, ushahidi wa wazee saba wa kijiji ulikuwa mwepesi kuliko ukurasa mmoja.

Mjini mambo yalikuwa ya namna nyingine. Migodi ya Katanga, reli, bandari na mashamba makubwa viliita vijana, na vijana walihitaji pahali pa kulala. Amri ya tarehe 23 Novemba 1931 ilianzisha vituo ambavyo havikuwa chini ya chifu wala desturi, ndivyo vikawa "cité", makao ya weusi, mbali kidogo na mji wa wazungu. Mtu alipewa kipande cha udongo na kijitabu kinachoitwa livret de logeur. Wazee wengi wa Lubumbashi, Kisangani na Bukavu bado wanakijua kwa jina la livre. Kijitabu hicho kilisema fulani anaruhusiwa kukaa pale. Hakikusema pale ni pake. Leta ikitaka kuhamisha kartye nzima, ilihamisha.

Vita vya pili vya dunia vilijaza miji. Watu walipangana chumba kimoja jamaa mbili, na wakubwa wa Brussels waliogopa magonjwa pamoja na siasa. Hapo ndipo ilianza kazi kubwa kuliko zote ambazo leta imewahi kufanya kwa nyumba za watu wa kawaida katika nchi hii, na inafaa kuikumbuka bila kuisifu kupita kiasi. Huko Elisabethville, mwishoni mwa miaka ya 1940, mkubwa wa wilaya aitwaye Grévisse alianzisha mpango wa mikopo: mfanyakazi anapewa parseli na vifaa vya ujenzi, anajenga mwenyewe nyumba ya matofali, halafu analipa kidogo kidogo. Katuba ilikua kwa njia hiyo. Halafu, tarehe 30 Machi 1952, leta ilianzisha Office des Cités Africaines, ofisi ya kujenga makao ya weusi ndani ya mpango wa miaka 10 wa maendeleo ya koloni. Ilijenga Matete na Bandalungwa kule Léopoldville, Ruashi kule Elisabethville, ikajenga pia Bukavu, ambako Bagira ingali inaonyesha mistari yake iliyonyooka. Mpaka Usumbura ilifika, kwa sababu Ruanda-Urundi ilikuwa chini ya Wabelgiji hao hao. Watu wa Bujumbura hadi leo wanaita kartye ya Ngagara kwa jina la OCAF. Mwaka 1955, baada ya Mfalme Baudouin kutembelea Kongo, ukaongezwa mfuko ulioitwa Fonds du Roi, wa kusaidia jamaa zenye mshahara mdogo kupata nyumba.

Nyumba zile zilikuwa ndogo lakini zilikuwa na dirisha, choo, barabara na maji karibu. Makumi ya maelfu zilijengwa kwa miaka 8 tu. Anayepita leo Bagira anaona jambo ambalo tangu wakati ule halijarudiwa kwa ukubwa ule: leta inapima kwanza, inatia barabara na maji, ndipo watu wanaingia. Leo ni kinyume. Watu wanaingia kwanza, barabara inatafuta nafasi baadaye.

Lakini nyumba ile ilitolewa kwa nani? Kwa mwenye kazi na mshahara unaojulikana, mwenye ndoa inayokubaliwa na padri au na leta. Mama muuza mihogo hakuwa ndani ya hesabu, wala kijana aliyekuja mjini bila karatasi ya kazi. Na hata mwenye bahati alisubiri hadi amri ya tarehe 10 Februari 1953 ndipo Mkongomani akakubaliwa kuwa na parseli yake binafsi, iliyoandikwa ndani ya kitabu sawa na mzungu. Miaka 68 ilikuwa imepita tangu kitabu kifunguliwe. Miaka 7 baadaye, tarehe 30 Juni 1960, Wabelgiji walitoa bendera yao. Wakongomani waliokuwa na ukurasa wao walikuwa wachache sana.

Baada ya uhuru wengi walitazamia kwamba udongo utarudi kwa wenyewe. Ulirudi, lakini kwa leta. Tarehe 7 Juni 1966 ilitoka sheria inayoitwa Bakajika, jina la mbunge aliyeipendekeza. Ilisema haki zote za udongo na za madini zilizotolewa kabla ya tarehe 30 Juni 1960 zinarudi kwa leta ya Kongo. Shabaha ilikuwa makampuni ya Wabelgiji, na watu walishangilia. Desemba 1971 katiba ikarekebishwa kwa njia hiyo hiyo. Halafu tarehe 20 Julai 1973 Mobutu akatia sahihi sheria kubwa ya udongo, ile ile tuliyoanza nayo. Sheria hiyo, iliyoguswa tena mwaka 1980, ndiyo iliyobaki msingi.

Ndani yake kuna mambo manne ambayo kila jamaa ingepaswa kuyajua kama inavyojua jina la mtaa wake.

La kwanza ni kwamba raia hapewi udongo, anapewa haki ya kuutumia. Mkongomani anaweza kupata haki isiyo na mwisho, anaiachia watoto wake, anaweza kuiuza. Mgeni na kampuni wanapata haki ya muda, kwa kawaida miaka 25 inayoweza kuongezwa. La pili, kifungu cha 219: haki hiyo haihesabiwi kuwepo kama haijaandikwa ndani ya kitabu cha konservateri. Kifungu hiki ndicho kimewaliza watu wengi. Karatasi ya mauzo iliyotiwa sahihi na shefu wa avenyu, fishi ya parseli ya kartye, ile livre ya babu, zote ni ushahidi wa kuanzia, si haki yenyewe. Sheria iliwataka wenye livre waibadilishe kuwa sertifika. Wengi hawakubadilisha. Mzee aliona amekaa pale miaka 20, kila mtu anamjua, atabadilisha nini?

La tatu ni la vijiji. Kifungu cha 387 kilisema udongo unaokaliwa kwa desturi umekuwa wa leta kama udongo mwingine wote. Kifungu cha 389 kikaahidi kwamba haki za watu wa vijijini juu ya udongo huo zitapangwa na ordonansi ya Rais. Tarehe 20 Julai 2023 sheria ilitimiza miaka 50. Marais wanne walikuwa wamekalia kiti. Ordonansi ilikuwa haijatoka. Kwa nusu karne, mkulima wa Masisi, wa Kalehe, wa Djugu amelima juu ya ahadi. Mwami anaendelea kugawa kwa desturi, ofisi ya mjini inaendelea kugawa kwa kitabu, na siku moja wote wawili wanatoa kilima kimoja kwa watu wawili. Hapo hakuna haja ya kutafuta mchawi.

La nne ni muda. Sertifika ikishatolewa, aliyedhulumiwa ana miaka miwili ya kuipinga. Ikipita, kwa kawaida sertifika inakuwa ngumu kama jiwe, na aliyepoteza anabaki kudai franga kwa aliyemkosea, si parseli. Waandishi wa sheria walitaka amani: watu wasigombane bila mwisho juu ya kiwanja kimoja. Inaeleweka. Lakini hawakufikiria mtu ambaye yuko kambini miaka mitatu, hasomi matangazo ya ofisi, hajui kwamba jina lingine limeingia ndani ya kitabu.

Sasa, kwa nini watu hawakimbilii sertifika? Si uvivu. Mtu anaomba parseli, inapimwa, anapewa kwanza mkataba wa kupanga wa miaka mitatu kwa leta, ndani ya muda huo lazima ajenge au alime kama alivyoahidi, watu wa ofisi wanakuja kuona, ndipo mkataba wa haki unaandikwa, ndipo sertifika. Kila hatua ina malipo yake ya halali, na mara nyingi ina "maji ya kunywa" pia. Mwalimu wa shule ya msingi akihesabu, anaona sertifika ni mishahara ya miezi mingi. Anaamua kununua kwanza manjanja. Asipotimiza ahadi ya kujenga, leta ina haki ya kuvunja mkataba wake, na hapo tena linarudi lile neno la zamani: parseli haina kitu, parseli ni tupu.

Mobutu alijaribu pia upande wa nyumba zenyewe. Miaka ya 1970 kulikuwa na benki ya leta ya akiba na mikopo ya nyumba, na Kinshasa ikapata cité mbili tatu nzuri, kama Salongo. Zilizofika kwa mtu wa kawaida zilikuwa chache, na franga ilipoanza kupoteza thamani, mkopo wa miaka 15 ukawa mchezo. Kinshasa ilikuwa na watu kama 400,000 wakati wa uhuru. Leo inahesabiwa kwa milioni nyingi. Goma, iliyokuwa kituo kidogo kando ya ziwa, ilivuka milioni moja. Karibu nyumba hizo zote zilijengwa na watu wenyewe, ubao kwa ubao, jiwe kwa jiwe, bila benki.

Goma inajua kuliko miji mingine jinsi karatasi na udongo vinavyoweza kuachana. Tarehe 17 Januari 2002 moto wa Nyiragongo ulishuka mjini, ukafunika katikati ya biashara na makartye, watu zaidi ya 100,000 wakabaki bila makao. Jiwe lilipopoa, watu walirudi juu yake. Alama za mipaka zilikuwa chini ya mita mbili za mawe meusi. Aliyekuwa na jirani mwema alionyeshana naye: mwembe wako ulikuwa hapa, choo changu kilikuwa pale. Tarehe 22 Mei 2021 mlima ulirudia upande wa Nyiragongo, ukala maelfu ya nyumba. Hata mara hizo hakuna aliyesema kwamba udongo umekuwa mtupu kwa sababu wenyewe walikimbilia Sake, Minova au Gisenyi. Ilijulikana wazi kwamba walikimbia moto.

Sheria za miaka ya karibuni zinaongea vizuri. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 34, inasema mali ya mtu ni takatifu, iwe imepatikana kwa sheria au kwa desturi. Maneno hayo "au kwa desturi" ni mazito, kwa sababu yanampa mkulima kitu ambacho kifungu cha 389 kilimnyima. Kifungu cha 48 kinaahidi haki ya makao yanayofaa, pamoja na maji safi na umeme. Hakuna asiyejua umbali ulio kati ya kifungu hicho na nyumba za mbao za Majengo.

Kwa wapangaji ilitoka sheria ya tarehe 31 Desemba 2015. Inasema garanti ya nyumba ya kukaa isipite miezi mitatu. Mwenye nyumba anayedai sita au kumi, kama inavyofanywa Kinshasa na hata huku kwetu, yuko nje ya sheria. Lakini nani atamshitaki? Mpangaji anayeingia na watoto watano saa kumi na mbili jioni hana nguvu ya kusoma vifungu. Anakopa, analipa, analala. Kila vita vinapokaribia mji na watu wanajaa, vyumba vinapanda bei, na sheria hiyo ndiyo inakuwa ya kwanza kusahauliwa. Wanaotunga sheria za bei bila kujenga hata nyumba moja wanafanya nusu ya kazi, na ni ile nusu nyepesi.

Jambo la kina mama lisipitwe haraka. Parseli nyingi zimeandikwa kwa jina la baba. Kitabu cha sheria za jamaa cha tarehe 1 Agosti 1987 kilimtaka mke aombe ruhusa ya mume kwa mambo mengi ya sheria. Marekebisho ya tarehe 15 Julai 2016 yaliondoa amri hiyo. Mama aliyeolewa anaweza leo kununua na kuandikisha kwa jina lake. Na mjane, hata kama warithi wa kwanza ni watoto, sheria inamwachia haki ya kuendelea kukaa katika nyumba aliyokaa na mume wake. Ndugu za marehemu wanaokuja na malori siku ya arobaini hawana sheria nyuma yao. Katika makambi, jamaa nyingi ziliongozwa na mama peke yake, na wengi wao hawakujua kwamba karatasi ya mume ina maana kwao pia.

Kwa udongo wenyewe, Kinshasa ilikubali tangu mwaka 2013 kwamba sheria ya 1973 haitoshi, ikaunda tume ya taifa ya kurekebisha mambo ya udongo. Mwaka 2022 serikali ilikubali siasa ya taifa ya udongo, inayosema haki za desturi zitambuliwe na zilindwe. Mswada wa kurekebisha sheria ya 1973 ulitayarishwa kufuatana na siasa hiyo. Wanaoutazama kutoka kijijini wanauliza mambo mawili tu: je, ushahidi wa majirani utaandikwa mahali, na je, atakayeandika ni nani, mwami au ofisi?

Kwa waliokimbia, kuna karatasi moja ambayo haijulikani sana. Desemba 2006, Nairobi, nchi za Maziwa Makuu zilitia sahihi mapatano ya usalama na maendeleo, Kongo ikiwa ndani. Moja ya protokole zake inahusu mali za watu wanaorudi. Inazitaka nchi ziwasaidie wakimbizi wa nje na wa ndani kurudishiwa mali yao, kwa msaada wa viongozi wa desturi na wa serikali, kwa njia nyepesi, na zitambue udongo ulioshikwa kwa desturi sawa na ule wa sertifika. Kwa protokole hiyo, aliyekimbia risasi hakuacha udongo mtupu. Ni jibu la kinyume kabisa na la 1885. Lakini tribinali nyingi za huku zinaendelea kufungua kwanza sheria ya 1973.

Kwa sasa, yako machache yanayoweza kufanywa bila kusubiri Bunge. Aliyepoteza sertifika wakati wa kukimbia hajapoteza haki yake, kwa sababu ukurasa wa kwanza unabaki ndani ya kitabu cha konservateri, na nakala nyingine inaweza kuombwa. Mwenye fishi au karatasi ya mauzo aitunze, hata kama imeloa, pamoja na majina ya mashahidi waliotia sahihi na ya majirani wa pande zote nne, maana mashahidi nao wametawanyika: mmoja yuko Kampala, mwingine Nyakivale, mwingine Bujumbura. Na anayesikia kwamba mtu mwingine anaandikisha parseli yake, asingoje hadi atakaporudi mwenyewe. Anaweza kumtuma ndugu au avoka akapeleke upinzani wa maandishi kwa konservateri, jina lingine halijaingia kitabuni, na miaka miwili haijaanza kuhesabiwa.